Bunduki Yenye Utepe Mwekundu

Pecos, Texas, 3 Aprili

Basi hapo simu ilipokatika, Baba, nilikuwa nakwambia Dalton kaninunulia nini. Shikamoo kwanza. Mgongo unasemaje?

Bunduki, Baba! Nyeusi, kama zile za wanajeshi, ameifunga utepe mwekundu. Wenzangu huvikwa mikufu. Anasema akiwa kwenye visima vya mafuta wiki mbili nzima, usingizi haumjii akiniwaza peke yangu katika nyumba hii ya bati. Nani mwingine anapendwa hivi? Imesimama nyuma ya mlango wa chumbani, tayari kwa lolote. Naye akirudi, hasemi. Huingia kwa kunyata akanifumba macho, nami nayeyuka kama siagi.

Nipe ushauri, wewe uliyekuwa jeshini.

Mwanao, Shelby

Woodward, Oklahoma, 8 Aprili

Mwanangu Shelby,

Mgongo unajikongoja, nashukuru. Barua yako nimeisoma nimesimama.

Bunduki ya namna hiyo nimeibeba miaka sita. Mnunue kasha la chuma, na ufunguo ulipo mjue ninyi wawili tu. Risasi zikae mbali nayo. Hata ukichomoa magazini, kibebeo cha risasi, kwa mkono wako, moja huweza kubaki ndani ya chemba, nyuma ya mtutu. Vuta nyuma, chungulia, tia na kidole. Kidole kisiguse kifyatulio mpaka umeamua kupiga. Na usiamue kabla hujaona uso wa mtu. Kuta zenu si kuta, binti. Risasi itapita chumbani, itapita jikoni, itamfuata Bi Verna jirani yako kitandani kwake. Tafuteni mwalimu, mkajifunze wote wawili.

Lakini linalonikosesha raha si mwizi. Ni mkwe wangu anayenyata. Mwambie akome. Aite jina lako tangu langoni, umwitikie, ndipo aingie.

Baba yako

Pecos, 14 Aprili

Baba mpendwa, shikamoo. Sisi wazima, tunanenepa kwa mapenzi.

Dalton alicheka, akasema mzee wangu ana moyo wa kuku. Lakini ametii! Jana kaniita “Asali” tangu langoni mpaka mbwa wa mtaa mzima wakaitika. Bi Verna akatoa kichwa dirishani akauliza kama asali yenyewe inauzwa. Kasha tutanunua mwezi ujao. Kwa sasa bunduki ipo palepale, na risasi zake.

Jumamosi ni siku yake ya kuzaliwa. Anadhani nitakuwa kazini mgahawani hadi jioni, kumbe nimeomba ruhusa. Nitaingia kwa mlango wa nyuma na pai ya pichi, kimya, nimkute amelala. Safari hii zamu yangu kumfumba macho!

Mwanao, Shelby

Woodward, 18 Aprili

Shelby,

Barua imenifikia leo, Jumamosi yenyewe. Nimepiga simu yako, haipokelewi. Ya Dalton imezimwa. Mgahawani wanasema umeshaondoka. Naandika kwa sababu mikono haikubali kukaa bure. Ukiisoma hii, nipigie kabla hujaimaliza.

Baba yako

Pecos, 20 Aprili

Baba,

Sauti yangu uliisikia kwenye simu, lakini niliyoshindwa kuyasema ni haya.

Niliingia nimevua viatu. Ubao wa ukumbini ukalia. Dalton akauliza kutoka chumbani, “Nani?” Nami nikanyamaza, Baba. Nilikuwa nimebana kicheko. Akauliza tena, nikabana zaidi. Ndipo bunduki ikalia.

Risasi ilipita juu ya bega langu, ikatoboa ukuta wa jikoni, ikaingia kwa Bi Verna mpaka kabatini mwake. Yeye alikuwa uani anaanika mashuka. Alikuja mbio, akanikuta sakafuni nimelowa pichi, akadhani ni damu. Mimi pia nilidhani hivyo.

Nilimbembeleza Dalton usiku kucha. Nikamwambia Mungu aliupinda mkono wake, akalenga pembeni. Akasema, “Sikulenga pembeni, Shelby. Nilikulenga wewe. Nilikukosa tu.”

Nampenda kuliko jana, naye ananiogopa. Nikimgusa anashtuka. Bunduki tumeitoa risasi, tumechungulia, tumetia na kidole, kila mmoja kwa zamu yake, na bado hakuna anayetaka kulala nayo nyumba moja. Bi Verna ameifungia ghalani kwake.

Ipokee bunduki hiyo, Baba, utuwekee katika kasha lako la chuma. Dalton anataka akuombe msamaha mbele ya uso wako, nami nataka uketi naye. Tunakuja kabla mwezi haujaisha, sote wawili.

Mwanao, Shelby