Mtafsiri Kasema ni Mpishi

Jumamosi

Na huyu mtafsiri wa muvi naye! Leo nimewawekea watoto katuni ya kumsaka mwizi wa taji, ile iliyoingizwa sauti ya Kiswahili. Haijafika hata robo, jamaa anaropoka juu ya picha: "Watazamaji wangu, mwizi ni huyu mpishi!" Utamu wote kwisha. Watoto wakanuna.

Kumbe hata yeye hakuwa ameiona mpaka mwisho. Taji likakutwa kwa shangazi wa mfalme, chini ya kitanda. Jamaa bila aibu: "Nilikuwa nawapima tu!"

Mama mkwe, aliyekuja kututembelea kutoka Msangano, hakucheka.

"Mpishi ndiye kaiba. Yule mtu si amesema?"

"Lakini Mama, umeona mwenyewe."

"Nimeona. Lakini si amesema?"

Nimechoka! Wiki nzima anasema Neema, dada anayetupikia, kamwibia kitenge. Jana nilikikuta ndani ya begi lake mwenyewe Mama, nikamwonyesha. Akakikunja taratibu. "Ameona aibu, amekirudisha."

Neema alikuwa mlangoni, akasikia.

Kesho mpishi wetu anarudi kwao Ibaba.