Mfupa Wangu kwa Bi. Krantz

Mtaa wa Olive,
Kansas City, Missouri.
Jumanne, 21 Mei

Mpendwa Dada Ozella,

Hujambo dada yangu? Baridi ya Alaska imekuachia vidole vyote kumi? Na kile kikohozi cha mwezi wa tatu kimeisha, au bado unawafundisha watoto wa watu huku unabweka? Sisi huku wazima. Goti la Babu linamsumbua mvua ikikaribia, lakini ukimuuliza anasema ni kiatu. Mimi bado niko kwenye duka la matairi. Mgongo unauma kidogo, ila nakula vizuri.

Samahani kwa mwandiko, unajua mimi na kalamu. Lakini ulisema mtandao huko unakatika, na habari hii siwezi kuituma nusu nusu.

Wahunzi wetu wa mpira wa kikapu wametolewa. Raundi ya pili ya mtoano, mchezo wa saba, Alhamisi, hapa hapa nyumbani, kwa pointi mbili. Lakini dada, raundi ya pili! Mara ya mwisho tulipofika huko ulikuwa bado unanifunga kamba za viatu. Watu walitoka uwanjani wanaimba utadhani tumeshinda. Babu hakuimba. Alivaa koti lake, akasema, "Jumapili, kesi."

Kesi ya meneja mkuu wa timu haijabadilika tangu uondoke. Nyama kwanza, halafu bakuli la marehemu Bibi linapita mezani. Anayeona Bi. Krantz kafanya kazi yake anatia mfupa, anayeona afukuzwe anatia gunzi la mahindi, na kila mtu anasema sababu.

Usichokijua ni kwamba mwaka huu Babu aliongeza sharti. Magunzi yakishinda mwaka wa tatu mfululizo, anaviacha viti vyetu vya uwanjani tunavyolipia kila msimu, na siku ya mwisho ya kuvilipia tena ilikuwa leo. Viti vya Bibi, Ozella. Miaka ishirini na sita. Kiti chake bado kina alama pale alipokuwa anakigonga na pete. Mimi ndiye ninayekaa hapo siku hizi. Mimi na Babu nyumbani hatuongei sana, unatujua. Pale tunaongea.

Basi Jumapili, mbavu zimeisha, Babu akaanza. "Yule mwanamke alimtoa Cassius Beale, kipenzi cha mji huu, kwa timu nyingine, akapewa wachezaji wawili wa benchi na karatasi!" Karatasi yenyewe ni ile haki ya kuchagua chipukizi miaka miwili mbele. Tangu siku ile anamwita Mama Karatasi.

Shangazi Valda akamrukia. "Baba, hiyo karatasi ndiyo Rudy Sandoval! Si ndiye aliyekurusha Alhamisi ukammwagia mchungaji soda kichwani?"

"Sikuruka. Niliteleza."

"Uliteleza kwenda juu?" Mjomba Prentiss akauliza.

Tulicheka mpaka meza ikatikisika, lakini Babu hakulegea. Alisema alama aliyompa Bi. Krantz siku Beale alipoondoka ilitolewa siku ile, na hapa kwetu alama haifutwi.

Bakuli likapita. Mifupa mitatu, magunzi matatu. Nikabaki mimi. Kila mwaka nasema tu "Kama Babu," natia alichotia yeye, nakaa. Safari hii hata hakunisubiri. "Cordell ni kama mimi. Magunzi manne. Tumemaliza."

Nikasema, "Hapana, Babu."

Mjomba Prentiss aliacha kutafuna. Nikawaambia kitu ambacho sikuwahi kumwambia mtu. Viti vyetu viko juu ya ile njia ya wachezaji kwenda kubadili nguo. Msimu wa mwisho wa Beale, kila mchezo ukiisha, nilimwona anashuka zile ngazi tatu ameshika chuma, mguu wa kushoto kwanza, vile vile Babu anavyoshuka kibarazani. Akiwa na mpira hujui kitu. Kwenye ngazi unajua. Na huko alikoenda, misimu mitatu, amecheza mechi thelathini na nne tu. Bi. Krantz aliona. Na mimi niliona, nikanyamaza mji mzima ukimtukana.

Nikamwambia pia, "Babu, nikiwa na miaka nane nilifunua pipa lako la kuchomea nyama kwa moshi mapema, ukanichapa mkono na mwiko. Ukasema kidari kinataka masaa kumi na mawili, na anayefunua kabla hana haki ya kusema ni kigumu. Mbona wewe ulimfunulia Bi. Krantz siku ile ile aliyoweka nyama?"

Nikatia mfupa.

Si kwamba yule mama ni malaika. Yule jitu aliyempa mkataba wa miaka minne, mpira ukimfikia anaushangaa kama mgeni mlangoni. Hilo nililisema pia.

"Yesu wangu," Shangazi Valda akasema, "kumbe huyu mtoto ana ulimi!"

Babu aliniangalia. "Ngazi ngapi?"

"Tatu."

"Mguu wa kushoto?"

"Wa kushoto."

Akainuka, akaenda kwenye pipa, akakata kile kipande cha ncha kilichoungua, kile anachojiwekea mwenyewe, ambacho hata Bibi hakuwahi kupewa, akakiweka kwenye sahani yangu. Halafu akaingia ndani kulala. Dada, sijawahi kula nyama tamu kama ile.

Jana asubuhi aliwasha gari bila kusema anakwenda wapi. Alirudi na bahasha ya tiketi, akanitupia. "Soma, wewe mwenye macho." Viti vitatu! Vile vyetu viwili vya siku zote na kimoja cha pembeni. Nikauliza cha tatu cha nani.

"Yule wa barafuni anadhani atakaa huko milele? Mwandikie aje mwezi wa kumi, mchezo wa kwanza. Na umwambie gunzi langu halijatoka bakulini."

Kwa hiyo nakuandikia. Njoo.

Shangazi Valda anakusalimu sana. Mjomba Prentiss anauliza kama ni kweli huko mnakula nyangumi. Babu hakusema nikusalimie, lakini amesimama mlangoni anauliza kama nimemaliza.

Mungu akupashe moto huko uliko, na akurudishe kwetu ukiwa mzima.

Mdogo wako akupendaye, anayekushikia kiti,

Cordell