Seva Imekwenda Msibani

Jumatatu, 1 Septemba

Nimepiga brashi seva asubuhi. Vumbi la Same halina adabu, linaingia hata chumba kilichofungwa. Chumba chenyewe kilikuwa stoo ya tangawizi kabla sijapewa mimi, na bado kinanukia. Feni inakwaruza lakini inazunguka. Barua za jana zote zimefika. Vikundi vya wakulima kule Mamba mlimani vimesoma.

Meneja amerudi kutoka Dar na neno jipya. Barua pepe za ushirika zinahama. Zinatoka kwenye seva yetu, zinakwenda kwenye seva ya kampuni moja hukohuko Dar. Seva yetu imezeeka, anasema. Kweli imezeeka, sibishi. Nimeomba muda wa kuandika mpango.

Jumatano, 3 Septemba

Nimempelekea mpango. Ukurasa wa mwisho unaeleza tutarudi vipi kwenye seva ya zamani mambo yakiharibika. Ukurasa huo kaukata kwa kalamu nyekundu.

"Nakundwa, unaanzaje safari kwa kupanga ajali?"

Nimekusanya karatasi zangu. Ningefungua mdomo ningefukuzwa.

Nimemkumbusha pia diski ya bakapu, ile ya kuwekea nakala, niliyoiomba tangu Pasaka. Kasema iliyopo inatosha. Iliyopo imekufa, na anajua imekufa. Watu wakitutania Wapare kwa ubahili tunanuna. Halafu ndiyo haya.

Mchana kapiga simu Kelvin, fundi wa hiyo kampuni. Anataka tuhamishe Jumapili kwa sababu ni siku ya kimya. Nimemweleza kwamba huku Jumapili ndiyo siku yenyewe. Watu wa Mamba wakitoka ibadani, mnada wa sadaka za mazao na kuku ukiisha, wanabaki uwanjani kufungua barua pepe ya kikundi. Kila kikundi kina anwani moja na nenosiri moja, na kila mwanachama analijua. Barua inayohusu tangawizi, Mpare hasomewi. Anaisoma mwenyewe, kwenye simu yake, ndipo anaamini.

Kelvin kacheka. Kasema hiyo si salama. Najua si salama. Ndivyo tulivyo.

Meneja kakubaliana na Kelvin. Jumapili.

Ijumaa, 5 Septemba

Mama kapiga simu kutoka Mamba. Yeye ndiye katibu wa kikundi chao. Anauliza kama mnunuzi wa Nairobi ameandika. Bado.

Utaratibu wa huyu mnunuzi ni mmoja. Anaandika kusema lori litapanda lini, na kikundi chenyewe kinajibu, kwa anwani ya kikundi, kabla ya saa sita mchana, Alhamisi inayofuata. Asipojibiwa, lori linakwenda kwa wakulima wengine. Simu hataki hata kuisikia. Mwaka juzi alipigiwa na mtu aliyejifanya mwenyekiti, akatuma lori likakuta uwanja mtupu.

Mama kawaambia watu wasichimbe kwanza. Tangawizi ikishachimbwa na kuoshwa haina subira, inasinyaa. Kuna msimu tulilikosa lori, mama akawauzia walanguzi kwa bei ya kutupa, na akakaa wiki nzima bila kuzungumza na mtu. Sitaki kumwona hivyo tena.

Jumapili, 7 Septemba

Sijaenda kanisani. Naandika kwa hasira, mwandiko hausomeki.

Tulianza kengele ya kwanza ikilia. Kelvin kaja na kompyuta yake ndogo na maji ya chupa. Barua za zamani alizifunga kifurushi zipande zenyewe kwenda Dar. Mimi nikageuza kibao, yaani ile alama ya mtandaoni inayoelekeza barua za ushirika ziende wapi. Kufika saa nne Kelvin kashanyoosha miguu. "Dada, imeisha hiyo."

Saa sita na nusu simu ya mama. Sanduku la kikundi tupu. Nikamwambia asubiri, barua zinapanda. Dakika kumi baadaye, tena. Sasa halifunguki kabisa.

Ilikuwa hivi. Watu wa Mamba wametoka kwenye mnada. Wametoa simu, wote, wakaingia kwa nenosiri moja. Seva ya Dar imeona umati unagombania mlango mmoja, ikadhani wezi, ikafunga. Vikundi vyote. Imeandika tusubiri wiki nzima ndipo ifungue.

Wiki nzima. Mnunuzi akiwa ameandika leo, Alhamisi iko hapo.

Nimemwangalia Kelvin. Kelvin kaangalia chupa ya maji. Na kile kifurushi cha barua za zamani kilikatikia njiani. Kasema ataongea na wakubwa wake.

Jumatatu, 8 Septemba

Nimefika kazini mapema kurudisha kila kitu kwenye seva ya zamani. Mpango wangu ninao, hata ule ukurasa uliokatwa. Nimefungua chumba.

Seva haipo.

Nimesimama pale kama mjinga. Alama ya mstatili mezani, pembeni vumbi, katikati pasafi.

Nimemuuliza mlinzi. Pikapu ya ofisi imekwenda Usangi alfajiri, kwenye msiba wa shangazi yake Meneja. Na kwa kuwa gari haliendi tupu, Meneja kaagiza ile mashine ya zamani ipakiwe, ipelekwe shule ya sekondari ya kwao. Msaada kwa maabara ya kompyuta. Seva yangu imekwenda msibani, juu ya viti vya plastiki, pamoja na mchele.

Nimempigia Meneja. Nimempa pole ya msiba, maana pole ni pole. Kisha nimemwambia inabidi irudi. Kasema haiwezekani. Ameshaikabidhi mbele ya watu, wameiombea na kupiga picha. Tena bodi inajua tumehama. "Zangu zinafika vizuri tu." Zake! Yeye ana anwani yake peke yake, nani atamfungia?

Kelvin kapanda basi la asubuhi. Nikimpigia anasema yuko kwenye kikao. Kwenye basi?

Nimeitafuta bisibisi yangu.

Jumanne, 9 Septemba

Nimekwenda Usangi. Sikuomba ruhusa. Basi la Koster mpaka Mwanga, kisha bodaboda kupanda. Baridi ya kule nilikuwa nimeisahau. Bisibisi iko kwenye pochi, karibu na Biblia.

Mkuu wa shule ni mzee mtaratibu, kofia ya sufu, miwani kwenye kamba. Nikampa shikamoo, akaitikia marahaba kwa urefu. Kwanza chai, kwani kwa Mpare hakuna shauri linaloanza kabla ya chai. Mashine ilikuwa kwenye kona ya maabara, imefunikwa kitambaa cha kufuma kama redio ya zamani.

Nikaeleza. Akasikiliza hadi mwisho, akatikisa kichwa.

"Binti yangu, kilichopokelewa mbele ya watu kinarudishwa mbele ya watu. Nitaitisha kikao. Mwezi ujao."

Nilitaka kulia. Badala yake nikajikuta nabishana, na nadhani hilo ndilo alilokuwa analingoja. Nikamwambia sanduku la mashine ni lao, sina shauri nalo. Ninachotaka ni diski mbili za ndani. Akasema aliyetoa nyumba ametoa na milango. Nikamuuliza: mtu akikupa ng'ombe aliyekuwa amewekewa tu na jirani, amekupa wa nani? Barua zilizomo ni za watu wa Mamba. Meneja alikuwa mchungaji tu, na mchungaji hagawi mifugo ya watu.

Akavua miwani. Akaniuliza kwa Chasu, lugha yetu ya Kipare, mimi ni wa nani. Nikamtajia baba, nikamtajia na babu. Akacheka mpaka akakohoa.

"Babu yako alilisumbua baraza zima kwa ajili ya mbuzi mmoja. Haya, fungua. Ila utaniletea diski nyingine."

Nimeahidi. Sijui nitazitoa wapi. Nimeteremka na diski zimefungwa kwenye kanga, nimezipakata, namwambia dereva wa bodaboda taratibu, taratibu. Kaniuliza ni mayai?

Jumatano, 10 Septemba

Hakuna kompyuta ya ziada ofisini. Kuna ya mhasibu, ambayo anachezea karata. Nimeichukua. Amelalamika mpaka mlangoni.

Imegoma kuwaka na diski zangu mara ya kwanza. Mara ya pili pia. Nimebadilisha waya. Imewaka. Barua zote zimo, hata za mwaka juzi.

Kisha nimegeuza kibao kirudi Same. Ruhusa ya Meneja sina. Yeye bado yuko matangani. Shida ni kwamba kibao kikigeuzwa, dunia haioni mara moja. Barua zimeendelea kugawanyika mchana kutwa, moja huku, moja Dar.

Jioni mama kafungua sanduku la kikundi. Limefunguka. Barua ya mnunuzi haimo. Bila shaka ilitumwa Jumapili ikaingia kule Dar, imefungiwa pamoja na wezi wa kudhaniwa. Nimemwambia mama amwandikie mnunuzi kwa anwani ya kikundi, amwombe atume tena. Kaandika. Nimeiona ikitoka.

Meneja hajapiga simu. Sijui kama anajua.

Alhamisi, 11 Septemba

Saa tatu na nusu barua ya mnunuzi imeingia. Nimeiona kwenye orodha, jina lake, sanduku la Mamba. Nimepiga kelele, mhasibu kaja kuchungulia. Nimempigia mama hapohapo. Kaisoma. Lori Jumanne. Jibu kabla ya saa sita, na hataongeza muda, kwa sababu alishaandika Jumapili.

Nikamwambia, mama, jibu.

Akasema hawezi. Hawajaisoma wengine. Wako mashambani, kila mtu mteremko wake, na huko chini mtandao haushiki. Akijibu peke yake ataitwa kwenye baraza kueleza alikubali kwa niaba ya nani.

Hapo nikapandisha sauti. Kwa mama yangu mzazi. Nikamwambia mama jibu tu, nimehangaika mpaka Usangi kwa ajili ya barua hiyo moja, watu watasoma baadaye. Hawa watu gani hawawezi kumwamini katibu wao hata mara moja?

Hakufoka. Ingekuwa afadhali angefoka.

"Mwanangu, mashine yako imekwama tangu Jumapili, sisi tumekungoja. Na wewe tungoje kidogo."

Akakata.

Nimekaa mbele ya kompyuta ya mhasibu. Saa nne. Saa nne na nusu. Sikuweza kufanya kitu kingine. Baadaye mama kanisimulia kwamba walipiga pembe, ile ya kuitia watu msaragambo, kazi ya pamoja ya barabara na mifereji. Huwa haipigwi katikati ya wiki bila kutangazwa, kwa hiyo watu walikuja mbio, wengine na majembe, wakidhani kuna moto. Wakakuta mama kasimama mbele ya kanisa. Wakatoa simu.

Mimi niliona upande wangu tu. Saa tano na robo mmoja kaingia kwenye sanduku. Halafu mwingine. Halafu wakaanza kumiminika, mstari juu ya mstari kwenye kioo, wote kwa nenosiri lilelile, umati uleule uliofungiwa Jumapili. Kompyuta ya mhasibu ikaanza kunguruma. Nikaweka mkono juu yake, sijui ili iweje. Seva ya zamani ilikuwa inawajua hawa. Haikumfungia mtu.

Saa sita kasoro kidogo jibu limetoka. Neno moja, "Tumekubali." Chini yake majina yote, maana nani angekubali lake liachwe.

Nimelia. Mhasibu kaniuliza nani amekufa.

Ijumaa, 12 Septemba

Meneja amerudi. Hajanisalimia. Saa nne nimepata barua ya onyo, kwa barua pepe. Kusafiri bila ruhusa, kugeuza mfumo bila ruhusa, kuchukua mali ya shule. Mkataba na Dar anasema uko palepale. Tutahama tena baada ya msimu, na safari hii nisimwaibishe.

Nimeisoma mara mbili. Nina hasira, na nina haki ya kuwa nayo. Nimejibu kwamba nimeipokea. Nimeambatanisha na mpango mpya. Ukurasa wa kurudi nyuma nimeuweka wa kwanza.

Jumapili, 14 Septemba

Mamba. Nimepanda jana na bodaboda kutoka kituo cha chini.

Ibada ndefu. Mnadani mama kampandishia bei jogoo mmoja mpaka nikamvuta kanga. Jirani yetu kamchukua. Kisha watu wamekaa uwanjani na kutoa simu. Hakuna barua mpya. Wamefungua ileile ya mnunuzi, iliyokwisha kujibiwa, wakaisoma tena, midomo ikienda polepole. Kesho kuchimba, keshokutwa lori. Nimemwomba mama radhi kwa sauti niliyompandishia. Kasema haikumbuki, na najua anaikumbuka.

Nyumbani kauliza kazi inaendaje. Sikutaka kumficha. Nimemwambia nimepewa onyo, nikaanza kumweleza limeandikwa nini. Kaninyooshea mkono.

"Usinisomee. Lete."

Nikampa simu. Kavaa miwani, kasogea mlangoni kwenye mwanga, kasoma mpaka mwisho, karudi juu, kasoma tena. Nikangoja. Kanirudishia simu.

"Ila imefika," kasema.

Kisha kaingia jikoni kuweka maji ya chai. Nimemsikia akiponda tangawizi.