Jina la Eulalie kwenye Daftari ya Sala

Kasha, Bukavu
Siku ya Mungu, tarehe 9 Novemba 2025

Mupendwa Maman Adolphine,

Tumsifu Yesu Kristu. Jambo sana kutoka huku Bukavu. Mugongo wako unaendelea namna gani, ungali unakusumbua ukitoka shambani? Na tonton Isidore, bado anateremuka kwenye mashimo ya dhahabu na umri ule? Mumukataze, ingawa najua yule muzee hasikii mutu. Sisi hapa tunapumua tu. Mvua haikatiki, Kasha yote ni matope, na umeme unakuja siku unayotaka.

Usiniulize kwa nini sikupiga simu. Huko Shabunda simu ikilia munaiweka sauti kubwa, jirani wote wanasikiliza. Hii habari nataka uisome wewe peke yako, ukiwa umekaa. Ndiyo maana barua hii nimemupa Hugues, anayeleta bidhaa huko, na nimemuapisha aiweke mukononi mwako. Miezi tano nimekuwa naogopa kuiandika. Ni juu ya Eulalie, mutoto wako na mudogo wangu.

Unajua chuo chetu, masista hawachezi. Siku ya kwanza kila mwanafunzi anaahidi mbele ya altare: hakuna pombe, hakuna kukopia kwenye examen, sketi ipite magoti, na sala kila asubuhi mbele ya masomo. Kwenye mulango wa kapela kuna daftari, unasaini ukiingia. Ukikosa mara tatu bila ruhusa, examen haufanyi, hata uwe na akili namna gani.

Sisi tuliona ni ukali tu. Lakini Soeur Constance, anayetuchunga kwenye foyer, nyumba tunamolala wanafunzi, ana kawaida yake. Sala ikiisha anasoma daftari, halafu anaenda kugonga kwenye chumba cha kila mutu asiyesaini. Akikuta uko mugonjwa, anakuletea chai na anatafuta mutu wa kukupeleka hospitali. Akikuta umelala tu, ole wako!

Jumatano ile ya mwezi wa sita Eulalie aliamka na pumu yake, kifua kinalia. Alikuwa amekwisha kosa mara mbili. Nilimwambia nimuombee ruhusa, akakataa.

«Soeur atasema ni uvivu tena. Unisainie tu, yaya. Tutakutana kwenye auditoire, masomo yakianza.»

Nikamusainia. Maman, kwetu wanafunzi hiyo haikuwa kitu. Tulikuwa tunasainiana na kucheka, kila mutu anaandika jina la rafiki yake. Niliandika jina langu, chini yake nikaandika la Eulalie, nikaingia kusali.

Soeur Constance alisoma daftari, akaona majina yote yako pale, akaenda kazini kwake. Hakuna aliyegonga mulango. Kwenye masomo sikumuona Eulalie, nikajisemea amepata usingizi, acha apumuzike. Nilirudi chumbani saa saba ya mchana. Alikuwa chini, karibu na mulango, amenyoosha mukono. Munganga alisema saa nyingi zilikuwa zimepita, na kama angeletwa asubuhi labda angepona. Hiyo labda ndiyo inanikula kila siku.

Barabara ilikuwa imefungwa, haukufika kwenye mazishi. Soeur Constance akakutumia kopi ya ule ukurasa ili upate kutulia moyo. Tonton anasema unaiweka ndani ya Biblia, unawaonyesha wamama wa jumuiya, unawaambia mutoto wako aliondoka akitoka kusali.

Maman, hakutoka kusali. Siku ile hakufika kapela. Itazame tena ile kopi: jina lake na langu, mukono ni mumoja.

Jumatano hii inayokuja chuo kinafungua mwaka, na wamenichagua mimi, eti nisome ushuhuda wa Eulalie mbele ya wanafunzi wapya. Wameandika kwamba alisali mpaka asubuhi ya mwisho. Karatasi ninayo hapa. Sitaisoma. Kesho nitaingia kwa Soeur Constance nimwambie yote. Anayesainia mwenzake anafukuzwa, hiyo iko wazi, na mimi nilibakiza kutetea kazi yangu ya mwisho tu. Papa yangu Alphonse amekwisha ambia watu wote kwamba binti yake anamaliza, na bado hajui neno. Wanifukuze tu. Nimekataa usikie haya kwa kinywa cha mutu mwingine.

Sikuombi unisamehe. Ukitaka kunilaani, ni haki yako, na nitajua sababu. Najua pia kwamba nakunyang'anya kitu kimoja kilichokuwa kinakutuliza, na hiyo inaniuma kuliko kufukuzwa.

Hugues atakupa pia daftari la anatomia la Eulalie. Ameandika mpaka ukurasa wa mwisho, na pembeni amechora mifupa ya mukono na kuipa majina. Humo ndani hakuna neno langu hata moja. Ile kopi itoe kwenye Biblia, Maman, uweke hii daftari pahali pake.

Unisalimie tonton Isidore, Cédric, na Francine pamoja na watoto wake. Mungu agonge kwenye mulango wako kila asubuhi, akukute uko muzima.

Mutoto wako akupendaye, aliyesaini pahali pa Eulalie,

Virginie