Mama Hajazima Maikrofoni

Kitengela, 3 Februari 2025

Kwa Koko,

Iko. Najua ungeanza na salamu yako ya "takwenya", kwa hivyo nimeitikia kabisa. Nimeinamisha kichwa hapa kwenye karatasi, weka mkono wa salamu. Goti linaendeleaje? Sisi tu wazima, Mama anakusalimia.

Lemein wa lori la nyanya alileta barua yako. Mama aliisoma mara mbili, akasema, "Miaka sitini na saba, na mwandiko wake umenyooka kuliko wangu." Mwalimu wenu wa ngumbaru alifanya vizuri kuwaambia kila mtu atafute wa kuandikiana naye. Nimefurahi ulinichagua mimi.

Uliuliza nashinda nikifanya nini tangu nimalize shule. Nasoma. Niko kwenye kikundi cha simu kinachoitwa Ukurasa Mmoja, watu mia tatu na kumi. Sheria ni kusoma hata ukurasa mmoja kila siku na kusema uliusomea wapi. Kuna anayesomea kwenye foleni ya posho mill. Kuna bwana anaitwa Khisa, yeye ni riwaya za upelelezi tu. Mtu akiomba kitabu cha mapishi, Khisa anampendekezea cha wizi wa benki. Mimi huandika kuhusu vitabu nilivyopenda, na wengi huniita Mwalimu. Sijawarekebisha.

Ulisema darasa lenu lina kitabu kimoja tu. Ni kweli?

Mjukuu wako,
Naisula

Illasit, 11 Februari 2025

Nakerai, takwenya. Mkono nimeweka, mtoto wangu. Goti inauma asubuhi, mchana inasahau. Mvua bado. Ng'ombe wako sawa.

Kitabu ni kimoja, kweli. Ni ya ndama aliyepotea. Sisi wote tunajua anapotea ukurasa wa nne. Juzi Namunyak alishika hicho kitabu kichwa chini akasoma yote bila kukosa neno. Tukacheka. Mwalimu Virginia hakucheka. Alisema, "Mama, hiyo si kusoma, hiyo ni kuimba."

Barua hii nimeandika siku mbili. Nyinyi watu wa vitabu mingi, mtu akitaka zingine anaanzia wapi?

Koko yako,
Soipan

Kitengela, 24 Februari 2025

Kwa Koko,

Iko. Leo kichwa nimekiinamisha chini sana. Natumaini uko salama, na Namunyak pia.

Nilitaka kukuficha, lakini wewe huniuliza mambo moja kwa moja. Kikundi chetu kina sanduku la vitabu arobaini. Siku kadhaa za Jumamosi watu wanasimulia kitabu kwa sauti, dakika kumi, wote wakisikiliza kwenye simu. Mwishoni tutapiga kura, na atakayeshinda ataamua sanduku liende wapi. Niliandikisha jina langu kwa sababu ya ndama wenu.

Juzi Jumamosi, Sandra mwenye kikundi akasema, "Leo hatimaye tunamsikia Mwalimu." Nikafungua maikrofoni. Koko, hakuna kilichotoka. Nilisikia pumzi yangu tu. Sandra akauliza, "Mwalimu, ni network?" Khisa akaandika, "Amepitia kwa handaki, tumpe dakika." Nikazima simu, kisha nikatoka kwenye kikundi.

Hata darasani nilikuwa hivyo. Jibu nililijua, nikaliambia dawati.

Sandra ameniandikia kwamba siku ya mwisho ni tarehe 22 Machi. Sijamjibu. Nisamehe kuhusu vitabu.

Mjukuu wako,
Naisula

Illasit, 4 Machi 2025

Nakerai, takwenya. Usiinamishe kichwa chini hivyo, mkono wangu haifiki huko.

Barua yako nimesoma mwenyewe. Ni "handaki" peke yake niliuliza Mwalimu.

Wewe hujakosa mdomo. Ulipokuwa mdogo, nikija Kitengela ulikuwa unanipea ilomon, habari zote, kuanzia kwa geti. Kuku ametaga wapi, jirani amegombana na nani, mpaka chai inapoa. Unajua kwa nini ulikuwa unaweza? Mimi nilikuwa nakuitikia. Ee. Ee. Kwetu habari ni ya watu wawili, mmoja anasema, mwingine anaitikia. Hata mzee wa maneno mingi, usipomwitikia anasimama katikati anauliza kama umelala.

Sasa hao watu mia tatu, ni nani alisema ee? Hakuna. Umeongea na ukuta, halafu unajilaumu.

Mwambie Sandra akurudishe. Mwalimu Virginia ako na simu, na Jumamosi mchana tuko kanisani kwa darasa. Mniingize.

Koko yako,
Soipan

Kitengela, 23 Machi 2025

Kwa Koko,

Iko, iko, iko. Ulikuwepo, lakini wacha nikusimulie, maana upande wangu hukuuona.

Nilianza vibaya. Sauti ilikuwa ndogo. Nikasema, "Kitabu hiki ni cha mama mshonaji." Wewe ukasema, "Ee." Nikasema, "Alishona sare za shule ambayo yeye mwenyewe hakusomea." Ukasema, "Ee," kwa nguvu, mpaka nikasikia kuku wa kanisani. Nikapata mwendo.

Hapo Sandra akaingia: "Kuna mama hajazima maikrofoni. Mama, samahani kidogo." Akakuzima.

Kimya kikarudi kama ile siku. Lakini safari hii nilijua ni nini kimekosekana, na nikasema, "Sandra, mrudishe. Huyo ni koko yangu. Kwetu habari husimuliwa na wawili." Halafu nikasema mengine ambayo sikuwa nimepanga: "Na mimi si mwalimu. Nilimaliza Form Four Novemba. Darasa la koko yangu lina kitabu kimoja, na wamekimaliza hata kichwa chini."

Sandra akakurudisha. Nawe, kana kwamba hakuna lililotokea: "Ee. Endelea."

Nilipofika pale mshonaji anapojishonea sare yake mwenyewe, Khisa alifungua maikrofoni, nikadhani ananikatiza. Akasema, "Ee." Kisha mwingine. Mwishowe sikuweza kuwahesabu.

Kura mia mbili na nne, Koko, kati ya mia mbili thelathini na moja. Sanduku linakuja kwenu. Lemein amekubali kulibeba. Khisa ameongeza kimoja, unajua cha namna gani.

Hawaniiti Mwalimu tena. Wananiita Naisula.

Mjukuu wako,
Naisula

Illasit, 15 Aprili 2025

Nakerai, takwenya. Leo inua kichwa, nikuone uso.

Mvua imekuja, na sanduku pia. Lemein alifunika na turubai, akaacha nyanya zinyeshewe. Mwambie huyo Khisa, mwizi wa kitabu chake ni mpwa wa tajiri. Nilijua ukurasa wa kumi.

Siku ya kwanza Mwalimu alimpea Namunyak kitabu cha mshonaji. Namunyak alikishika kichwa chini, ni mazoea. Akafungua mdomo. Hakuna wimbo ilikuja. Akaangalia. Akakigeuza polepole, akaweka kidole kwa herufi ya kwanza. Mstari mmoja ulimchukua muda kama wa kukamua ng'ombe mzima. Alipofika mwisho wake, akatuangalia.

Darasa yote tukasema ee.

Koko yako, msomaji,
Soipan