Kwa Mayunga Mashimba, Uliyeikata Michungwa Yako Mwenyewe

Mwaka umezunguka, Baba, tangu ulipotutoka katika barabara ya kwenda Mugoma, mvua ikinyesha na hospitali ikiwa bado mbali. Watu wanatuambia tuvumilie, uchungu utapungua. Kwa Mama haujapungua hata kidogo.

Wasiokufahamu tunawaambia ulikuwa nani. Ulizaliwa Usukuma, ukakulia Biharamulo ukichunga ng'ombe wa baba yako, Mzee Mashimba. Ujanani ulikuwa utingo wa lori, na lori hilo ndilo lililokufikisha Muheza, ukaona watu wanajenga na kusomesha kwa machungwa. Ulirudi na vikonyo vya michungwa umevifunga kwenye gunia bichi, ukavibebesha kwenye miche ya milimau uliyokuwa umeiotesha nyuma ya nyumba, vikashikana kuwa mti mmoja. Kisha ukauza ng'ombe aliokugawia baba yako na kununua shamba Murusagamba, nyumbani kwa akina Mama.

Mzee Mashimba alikasirika mno. Ukimpa shikamoo, alitazama pembeni. "Mwanaume anaacha ng'ombe anakwenda kulima matunda ya watoto, tena ukweni!" aliwaambia watu. Na huku Murusagamba, penye migomba na maharage, wakwe zako walikusema chinichini. Mama peke yake hakucheka. Alikuwa bado bibi harusi, na asubuhi zote za kiangazi alipanda kutoka bondeni na ndoo kichwani, akimwagilia mche mmoja mmoja.

Miti ilipozaa, Mzee alikuja mwenyewe kutoka Biharamulo. Alikaa kwenye kigoda, akala chungwa la kwanza kimya, la pili kimya, la tatu kimya. Halafu akasema, "Nifungieni na ya kubeba." Hapo ndipo mlipopatana.

Ulikuwa wa kwanza kwetu kupakia lori zima la machungwa kwenda Biharamulo na Kahama. Hukumuuzia jirani mche. Ulimpa bure, ukaenda kumwonyesha namna ya kuchimba shimo na kuweka samadi. Ulisema shamba moja halijazi lori. Kihangaza chako, lugha ya ukweni, kilikuwa cha kuvunjavunja, mama mkwe wako akicheka mpaka anajifuta machozi, nawe ukikikosea zaidi makusudi ili aendelee kucheka.

Kisha majani yakaanza kuwa ya njano, mabakamabaka, tawi hili na tawi lile. Matunda yakabaki madogo, yamepinda, machungu. Ulipunguza matawi, ulipulizia dawa, ulimwaga samadi juu ya samadi. Mwishowe ukamwita bwana shamba, Pius. Alizunguka shamba lote akigeuza majani.

"Mzee Mayunga, ugonjwa huu hauna dawa," alisema. "Ng'oa, uchome moto, kabla haujawafikia wenzako."

"Yote?"

"Yote iliyougua."

Na iliyougua ilikuwa karibu yote.

Mama alikushika mkono palepale mbele ya mgeni, jambo ambalo hatukuwahi kuliona. "Baba Gidioni, ngoja msimu mmoja tu. Tutakula nini?"

"Nikingoja, Mama Gidioni, nitawaharibia na wale niliowapa miche kwa mkono wangu."

Hakubishana nawe. Alikwenda jikoni, akarudi na panga lake, akakufuata. Mlianzia mti mkubwa wa karibu na nyumba, wewe na shoka, yeye akivuta kamba. Mti ulipoanguka, aliyakata matawi yake kwa panga, akayarundika ya kuchoma.

Ulikwenda nyumba kwa nyumba ukiwasihi nao wakate. Wachache walikusikia. Rafiki yako Nshimiyimana, mliyekuwa mkishinda pamoja, alisimama mlangoni akakuzuia kuingia. "Wewe umekula miaka yote hiyo," alikuambia. "Sisi ndiyo kwanza tunaonja, unataka tukate?" Ulirudi nyumbani, ukachukua jembe, ukaendelea kung'oa visiki kana kwamba hukusikia.

Kwenye kisiki ndiko Mama alikokukuta. Umelala ubavu, mdomo umekwenda upande, mkono wa kulia hauna nguvu. Mvua ilikuwa imesomba kalavati, gari halipiti. Tukafunga machela. Aliyekuja akikimbia, akashika mti wa mbele bila kuulizwa, alikuwa Nshimiyimana.

Mama alitembea ubavuni mwako amekushika mkono wa kushoto, uliokuwa bado na uhai. Akakusemesha njia nzima. "Baba Gidioni, nibonyeze nijue unanisikia." Ulimbonyeza. Kila alipokuomba, ulimbonyeza. Tulipokaribia Mugoma, hospitali ikiwa bado mbele sana, mkono wako ukalegea.

Mama alilificha hilo. Alikaza mwendo, akaendelea kukusemesha, ili wanaume wasisimame. Mdogo wetu Novatus ndiye aliyeutazama uso wako.

"Mama, tumshushe."

"Hapana. Twendeni."

"Mama, ameshatuacha."

"Nani kakuambia wewe? Hospitali ndiyo watajua. Twendeni!"

Wakaenda, Baba. Kwa ajili yake wakakubeba mwendo mwingine mrefu kwenye tope lile, wakijua wote, hakuna aliyethubutu kumwambia tena, mpaka miguu yake yenyewe ilipogoma.

Tungependa leo tukupe habari njema. Hatunazo. Nshimiyimana alikata michungwa yake kabla hatujaanua matanga, akilia waziwazi mbele ya wanawe. Wengine hawakukata, na sasa unjano umefika mpaka Kibimba. Lori ulilolinunua kwa machungwa tumeliuza. Novatus amekwenda Kahama kutafuta kibarua. Mama amepanda maharage pale palipokuwa na miti, kwa kuwa watu lazima wale, lakini anapalilia ameipa nyumba mgongo, asione palipokuwa na ule mti mkubwa. Gidioni alimshauri ahamie kwake. "Nikiondoka, Baba Gidioni atabaki na nani?" ndilo jibu lake.

Mwezi uliopita mjukuu wako Rozina, ambaye hakumbuki lolote, alimuuliza, "Bibi, machungwa ya Babu yalikuwaje?" Mama alikwenda sokoni akanunua chungwa lililotoka mbali. Alilimenya polepole, akaonja kipande, akakitafuna muda mrefu. Mtoto alikuwa amenyoosha mkono anasubiri.

"Siyo hili," Mama akasema. Alimpa mtoto lililobaki, akaingia ndani na kufunga mlango. Tulibaki uani tukimsikia akilia, na hatukujua la kufanya. Hata leo hatujui.

Misa ya kukuombea itasomwa nyumbani, Murusagamba, Jumamosi hii asubuhi. Ndugu, majirani na wote uliowapa miche wanakaribishwa, waliokata na ambao hawakukata.

Unakumbukwa na mkeo Adelfina, wanao Gidioni, Priscila na Novatus, mkaza mwanao Yuster, dada yako Nshoma wa Biharamulo, mjukuu wako Rozina, na jirani yako Nshimiyimana, aliyekuja kuomba jina lake liandikwe hapa pamoja na ya ndugu, na Mama akasema liandikwe.

Hatutakusahau, Baba, siku zote za maisha yetu.