Karatasi Niliyoiacha Tupu

Shangazi Orlean mpendwa,

Nakuandikia kwa kuwa sina mwingine wa kumwambia, na safu yako ya gazetini nimeisoma tangu enzi za marehemu mama yangu, ambaye alikuwa akiikata kwa mkasi na kuibandika kwenye mlango wa friji, kwa hiyo nikiandika ovyo nisamehe, nihesabu kuwa ni mtoto wa nyumbani aliyelemewa.

Mimi ni mwanamke mweusi wa miaka hamsini na mbili, mkuu wa kitivo katika chuo kimoja huku Kusini mwa Marekani, chuo ambacho bibi yangu alikipiga deki miaka kumi na minne bila kuruhusiwa kukaa darasani hata siku moja, na mwaka huu ni wa tisa nikiwa mweusi pekee kwenye kila kikao cha wakubwa, na kanisani kwetu wananionea fahari mpaka wananikalisha benchi la mbele, mchungaji akinitaja wanapiga makofi, nami natabasamu, maana nitawaambiaje kwamba kule kazini chakula cha mchana nakula ndani ya gari, vioo nimepandisha, kwa kuwa wenzangu wakikaa mezani wanacheka mizaha iliyoanzia kwenye boti ya mtu Jumamosi, na hakuna hata mmoja anayekumbuka kwamba mimi sikualikwa.

Miaka sita iliyopita nilimwajiri binti mmoja, nitamwita Shaunice ingawa silo jina lake, mhadhiri wa historia, mweusi kama mimi, mtoto wa dereva wa lori. Siku yake ya kwanza aliingia ofisini kwangu, akafunga mlango, akavua viatu vya visigino akaviweka juu ya zulia, akasema, "Mama, niambie ukweli. Humu ndani mtu anapumua saa ngapi?" Shangazi, nilicheka mpaka machozi yakanitoka, sikuwa nimecheka hivyo tangu nifike pale.

Sasa huku kwetu chuo kilikuwa kimeahidi hadharani kuongeza wanafunzi na wahadhiri wa kila rangi, na ahadi kama hizo huzaa kamati, na kila kamati hutaka uso mmoja mweusi, na uso huo miaka yote ulikuwa wangu, nikachoka, nikaanza kumsukumia Shaunice, ya kwanza, ya pili, mpaka zikafika tano, naye hakukataa kwa sababu ni mimi niliyemwomba, na zaidi ya hizo wanafunzi wetu wakawa wanajipanga nje ya mlango wake, huyu amefiwa, huyu ameambiwa na mwalimu kwamba hafai kusomea udaktari, huyu hana hata tikiti ya kurudi nyumbani, naye anawasikiliza wote, na kwa ajili yake watoto wengi walioshafungasha mabegi walibaki. Lakini kitabu chake juu ya wakunga weusi wa mashamba ya pamba kikawa hakiishi.

Chuoni kwetu mhadhiri akifika mwaka wa sita anapigiwa kura, akipita anapata ajira ya kudumu, akianguka anaondoka, na kura ya Shaunice ilikuwa mwezi wa pili. Tulikuwa watu tisa. Kabla ya kikao Profesa Aldridge, mwenyekiti wake, ambaye pia ndiye anaongoza jopo la kumtafuta mkuu mpya wa chuo, jopo ambalo limebakiza majina matatu, langu likiwemo, alinikuta ukumbini akanigusa bega.

"Wewe kura yako tumeshaihesabu," akasema, anacheka.

"Umeihesabuje kabla sijaipiga?"

"Aa, mama, usinitoe jasho. Ninyi si ndugu?"

Ni mzaha, najua. Lakini niliingia nao ndani kama mwiba kwenye kiatu. Wakasema binti ni mzuri, mchangamfu, lakini kamati nyingi mno, maandishi machache, na mimi niliyempa kamati hizo nilikuwa nimekaa pale, kalamu mkononi, mdomo ninao, na nikanyamaza. Karatasi za kura za siri zilipogawiwa nikakunja yangu bila kuandika kitu. Nilijiambia hiyo ndiyo haki, kutoegemea upande. Zilipohesabiwa zikawa nne za kukubali, nne za kukataa, moja tupu, na kwa kanuni zetu nusu haitoshi.

Siku ya pili Shaunice akaja na keki ya siagi aliyoioka mwenyewe, kunishukuru. Mimi ndiye nilishukuriwa, Shangazi. "Najua ulinipigania," akasema, akaniwekea kichwa begani. "Nimesikia kuna mmoja aliacha karatasi nyeupe. Wale wanne waliokataa siwalaumu, angalau walisema neno. Ila huyo mmoja, Mama, ningemjua ningemuuliza tu nilimkosea nini."

Nikampapasa mgongo.

Amekata rufaa, na mwisho wa kuipokea ni Ijumaa ya wiki ijayo. Nikijitokeza, ukuu wa chuo nimeukosa, na hakuna mwanamke mweusi aliyewahi kuufikia pale, na nikiupata si nitawafungulia mlango mamia wengine nyuma yangu? Au najidanganya? Niambie, maana nyumbani nikifika hakuna wa kuniuliza siku imekuwaje, na ofisini aliyekuwa ananiuliza ni yeye.

Ni mimi,
Mpweke wa Kitivo

Shangazi Orlean anajibu:

Dada yangu, barua yako ilinifikia Jumanne na rufaa ilikuwa inafungwa Ijumaa ya wiki hiyohiyo, kwa hiyo sikungoja gazeti. Nilikupigia simu. Niliyokuambia ndiyo haya, nayachapa kwa ruhusa yako, na kwa ruhusa ya Shaunice, ambaye ulimwomba kama nilivyokuagiza.

Kwanza, pole, na naisema kutoka moyoni. Nilikaa miaka ishirini na minane ofisi ya usajili ya chuo kingine, najua baridi ya chumba chenye watu wengi. Kula ndani ya gari si uvivu wala si kiburi, ni mtu anatafuta mahali pa kulegeza uso.

Pole imekwisha. Sasa nisikilize.

Watu wanane wanaopanda boti moja walimpigia kura nani miaka yote hiyo, na nani aliwahi kuwauliza kama ni ndugu? Mzee yule alikutega kwa neno moja nawe ukaingia mzimamzima. Na usiniletee habari ya kutoegemea upande. Ungeandika "hapana" ningekuheshimu kwa ukatili wako. Ulichofanya ni kumpa mtoto mzigo wako aubebe, halafu alipoulizwa mbona mwendo wake ni wa polepole, ukatazama dirishani.

Tena unaniambia utawafungulia wengine mlango. Wapi hao? Aliyeingia ulikuwa naye, kavua viatu kwenye zulia lako, ukakaa kimya wakati anatolewa.

Nikakuambia: nenda kwake leo. Usimwite ofisini kwako, nenda wewe mlangoni pake. Mwambie karatasi ilikuwa yako. Usilie mbele yake na usimwombe msamaha siku hiyo, maana utamfanya akubembeleze, na amebembeleza watu vya kutosha. Kisha iandikie kamati ya rufaa mambo mawili tu: kwamba karatasi tupu ni yako na sababu yake, na kwamba kamati zile tano ulimpa wewe, uambatanishe barua zote na tarehe zake. Kura za wengine ni siri zao, ziache.

Ukasema, "Sawa, Shangazi," kwa sauti ya mtoto.

Ukaenda. Ulinisimulia kwamba alikusikiliza amesimama, na alikuuliza jambo moja tu: "Ulimwogopa Aldridge, au ulinionea aibu mimi?" Ukasema hujui. Akasema, "Basi nenda ukajue," akafunga mlango taratibu.

Rufaa ilikubaliwa. Kura ikarudiwa na watu wapya, wengine wametoka vyuo vya nje, binti akapita. Wiki hiyohiyo jina lako likatolewa kwenye orodha ya ukuu kwa barua ya mistari miwili. Na sasa mkikutana ukumbini Shaunice anasema, "Habari za asubuhi, Daktari," anapita.

Juzi ulinipigia ukaniuliza ufanye nini arudi. Hakuna. Usimtumie maua, usimtumie watu. Ukweli ulikuwa deni lako kwake, na urafiki si risiti ya kulipa deni. Akirudi, atarudi kwa miguu yake, na asiporudi utaendelea kumtetea vilevile kwenye vikao asivyovijua.

Lakini upweke huo usiufanye adhabu. Hujui mko wangapi mnaokula ndani ya magari. Tangu nisome barua yako, wanawake watatu wakuu wa vitivo katika jimbo hili wameniandikia mambo yanayofanana na yako, na wote wameniruhusu nikupe namba zao. Nitakupa. Wapigie, mkutane, mtukane wakubwa wenu, mcheke.

Na kazi yako bado unayo, kiti bado unacho. Jumatatu asubuhi nenda kwa mkuu wa chuo umwambie kwamba wewe hutaketi tena kwenye kamati yoyote ya ajira mpaka wawemo weusi wengine wawili, na kila mhadhiri anayetumwa kwenye kamati apunguziwe vipindi. Atakuambia watu hao hawapatikani. Usibishane naye. Mpe majina, kwa maandishi, na usitoke mpaka ayasome.